Ulemavu wa kujifunza na kujiunga na chuo: Mzazi na mwanafunzi wafanye nini?

Kuna wanafunzi wanaoelewa somo vizuri darasani lakini karatasi ya mtihani huwashinda. Wengine husoma polepole mno, huchanganya herufi, au hushindwa kuandika kile wanachoweza kukieleza kwa mdomo. Hali hii ya kusoma na kuandika kwa shida huitwa disleksia. Wengine hutatizwa na hesabu pekee, hali inayoitwa diskalkulia. Huu ni ulemavu wa kujifunza. Si uvivu, wala si upungufu wa akili.

Kwa kuwa ulemavu huu hauonekani kwa macho, chuo hakitaujua mpaka kiambiwe. Hata kama mwanafunzi aliongezewa muda katika mtihani wa KCSE, mpango huo haumfuati chuoni. Ni lazima auombe upya, na ombi hilo linahitaji kuungwa mkono na ripoti.

Hatua ya 1: Pata ripoti ya tathmini

Tathmini hufanywa katika kituo cha EARC, kilicho chini ya Wizara ya Elimu. Vituo hivi vilianza nchini mwaka 1984. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kwa kilicho karibu nawe. Beba ripoti za shule na madaftari ya mwanafunzi, ili wataalamu waone makosa yanayojirudia.

Usingoje matokeo ya KCSE. Tathmini ikifanywa mapema, mwalimu mkuu anaweza kuitumia kumwombea mtahiniwa msaada kutoka KNEC wakati wa kusajili mtihani.

Hatua ya 2: Jisajili na NCPWD

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD) husajili watu baada ya uchunguzi katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Madaktari ndio huamua, kwa hivyo nenda na ripoti ya EARC. Usajili husaidia unapoomba ufadhili wa masomo unaotolewa kupitia baraza hilo. Hata hivyo, kukosa kadi ya NCPWD hakumzuii mwanafunzi kutuma ombi la chuo.

Hatua ya 3: Chagua kozi kwa makini

Maombi ya vyuo vikuu na vyuo vya kiufundi vya umma hupitia KUCCPS. Shahada huhitaji wastani wa C+ au zaidi, diploma C-, na cheti cha ufundi D. Kozi za artizani hupokea hata aliyepata E.

Usiangalie wastani pekee. Kozi nyingi huwa na masharti ya masomo maalum. Mwanafunzi mwenye diskalkulia anaweza kuwa na wastani wa kutosha na bado akakosa nafasi kwa sababu ya alama ya Hisabati. Soma masharti ya kila kozi kabla ya kuijaza.

Usidharau vyuo vya kiufundi. Katika mafunzo yanayozingatia umahiri, mwanafunzi hupimwa pia kwa kazi anayoifanya kwa mikono, si kwa kuandika tu. Kwa anayesoma kwa shida lakini ni hodari wa umeme, upishi au ushonaji, hiyo ni nafuu kubwa. Vyuo vya ufundi vya kaunti navyo hupokea maombi moja kwa moja.

Hatua ya 4: Zungumza na chuo kabla ya masomo kuanza

Barua ya kuitwa chuoni ikifika, peleka nakala ya ripoti kwa ofisi ya msajili au ya mkuu wa wanafunzi. Andika barua ukitaja msaada unaohitajika, kwa mfano:

- muda wa ziada katika mitihani;
- chumba tulivu cha kufanyia mtihani, au mtu wa kumsomea maswali;
- ruhusa ya kurekodi masomo kwa simu;
- kupewa notisi mapema;
- kutumia programu inayosoma maandishi kwa sauti.

Omba nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, kisha uihifadhi. Mwanafunzi anayengoja hadi afeli mitihani ya muhula wa kwanza hulazimika kurudia mitihani hiyo, na huenda akakata tamaa na kuacha masomo.

Haki yako kisheria

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu katika taasisi zinazojumuisha wote. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, pia inalinda haki ya elimu. Chuo kikikataa ombi lako, omba sababu kwa maandishi, kisha uwasilishe malalamiko kwa NCPWD.

Kuhusu karo

Tuma maombi ya mkopo wa HELB na ya basari mara zinapotangazwa. Ambatisha ripoti ya tathmini kwenye fomu ya basari, hata kama haikuulizwa.

Kwa maelezo zaidi, fika katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, ofisi ya NCPWD katika kaunti, au Huduma Centre iliyo karibu.