Kupanga Nyumba ya Faragha katika Milima ya Usambara

Wapo kati yetu waume na wake ambao kwa miaka mingi hawajapata kukaa wawili peke yao hata siku mbili. Nyumba ya mwalimu haina mlango: asubuhi huja watoto wa shule, mchana wazazi wao, jioni wageni, na usiku ni madaftari. Mke na mume huzungumza habari za sukari iliyokwisha na ada ya mtoto, na mambo mengine yote hungoja mpaka yasahauliwe. Basi watu wa namna hii wakisema, Tumeweka akiba kidogo, twataka kwenda kukaa siku nne mahali pa kimya milimani, msiwacheke, wala msiseme kwamba wameiga anasa za wageni. Najua kwamba kwetu mtu ajitengaye na wenzake hutiliwa shaka, na shaka hiyo ina sababu zake. Lakini siku nne za faragha si kujitenga. Ni kama shamba kupumzishwa msimu mmoja.

Shida ni namna ya kuichagua nyumba yenyewe. Wengi huchagua kwa macho tu, wakafika wakakuta yaliyo mengine. Nami nimeona vema niandike habari za mahali pamoja, yaani Usambara ya Magharibi, upande wa Lushoto, kwa kuwa huko nyumba za namna hii zapatikana, na mtu atokaye Tanga, Korogwe au hata Dar es Salaam aweza kufika kwa basi.

Mahali hapa palianza zamani kuwa kimbilio la watu waliochoshwa na joto. Wadachi walipotawala waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, wakajenga huko ili kukimbia hari ya pwani na homa zake. Sababu yao ni rahisi kuielewa. Kila mtu apandapo meta 1,000, joto hupungua kadiri ya nyuzi 6 za sentigredi. Lushoto iko juu ya bahari kwa meta zipatazo 1,400. Kwa hiyo siku ambayo mtu wa Tanga atoka jasho akiwa amekaa kivulini, mtu wa Lushoto amevaa sweta. Tena mbu si wengi kama bondeni. Lakini chandarua msikiache nyumbani, kwa maana malaria hupanda mlima pia, na mtu huenda akawa ameumwa na mbu huko chini kabla ya kusafiri.

Njia huanza Mombo, katika barabara kuu. Kutoka hapo hata Lushoto ni kilometa zipatazo 32, nazo ni za kupanda na kuzunguka, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, mkipita Soni penye maporomoko ya maji. Watoto wenye kutapika garini na waketishwe mbele, wala wasishibishwe Mombo. Ukipita Lushoto waweza kwenda Irente, karibu sana na mji, ambako ukisimama ukingoni mwa jabali waona mashamba ya mkonge ya Mazinde chini yako kama meta elfu. Au Magamba penye msitu mkubwa wa mvua. Au, kama una moyo wa safari, Mtae na Mambo, mbali zaidi ya kilometa 50, kwenye ncha ya milima, ambako nchi ya Mkomazi yaonekana yote hata macho yachoke.

Majira ni jambo la kwanza, maana nyumba nzuri katika majira mabaya ni gereza. Masika ni tangu Machi hata Mei, na vuli ni tangu Oktoba hata Desemba. Katika masika udongo wa milima ile huteleza, na mara nyingi njia huzibwa na maporomoko ya udongo na mawe. Aliye na nyumba ya faragha juu ya kilima mwezi wa Aprili atapata faragha kupita alivyotaka. Januari na Februari hewa ni safi na njia ni kavu, lakini walimu wakati huo wako kazini. Kwa hiyo mwalimu hana budi kuchagua kati ya Juni na Desemba. Mimi nasema Juni, maana mvua kubwa zimekwisha, na ijapokuwa Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi kali na ukungu wa asubuhi, baridi yaweza kuzuiwa kwa blanketi, bali mlima ukiporomoka hauzuiwi na kitu.

Sasa nyumba. Mwalimu mmoja wa upande wa Korogwe na mkewe walikwenda kutazama nyumba mbili kabla ya kutoa hata senti moja, nao walifanya vema. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mbao, nzuri ajabu, imejengwa ukingoni, na ukifungua dirisha waona mawingu chini yako. Mume alikuwa amekwisha kuipenda toka mlangoni. Mama naye hakutazama mawingu, alitazama mahali pa moto katikati ya chumba, kisha akamgeukia mzee mlinzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni sana."

"Ahsante, mzee wangu. Kuni zikiwaka humu, moshi watoka wapi?"

"Watoka mlangoni, mama."

"Na mlango ukifungwa usiku kwa baridi?"

Mzee akacheka, akasema, "Aa, wageni wengine huleta mkaa, mama. Mkaa hauna moshi."

Mama akamshukuru mzee kwa adabu, akamwambia mumewe waende wakaione ile nyumba ya pili.

Ndugu wasomaji, hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye uhai na mauti. Mzee yule hakuwa na nia mbaya. Alisema waaminivyo watu wengi, yaani kwamba moto usio na moshi hauna madhara. Sivyo. Mkaa uwakao mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta huingia katika damu yake na kushika mahali pa oksijeni, nayo hushika kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu yazunguka mwilini lakini haichukui kile ambacho mwili wakihitaji. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu wa miguu. Aliye macho huenda akatoka nje akapona. Aliyelala hapati dalili yo yote. Usingizi humzidi tu, na asubuhi watu hugonga mlango bila kuitikiwa. Watoto, wenye mimba na wazee hudhurika upesi zaidi.

Nyumba za milimani zina hatari hii kuliko za pwani, maana za pwani zina madirisha wazi na upepo, bali huko juu watu huziba kila upenyo kwa matambara ili baridi isiingie. Kwa hiyo msiingize jiko la mkaa chumbani mwa kulala, hata kidogo, hata kwa dakika chache za kupasha chumba moto, hata likiwa na majivu juu yake na kuonekana kama limezimika. Kama nyumba ina mahali pa moto, iwe na dohani ya kweli itokayo juu ya paa. Washeni majani mabichi kidogo mchana mkatazame: moshi ukipanda wote, vema, ukirudi chumbani, dohani imeziba, labda kwa viota vya ndege au masizi, nanyi msiitumie. Usiku kabla ya kulala moto na uzimwe. Na kama wawili au watatu katika nyumba wameumwa kichwa wakati mmoja karibu na moto, msiseme ni baridi ya mlima: tokeni nje wote mara moja, kisha mwende hospitali, kwa maana ataka kupewa oksijeni yule aliyevuta sumu.

Nyumba ya pili haikuwa na mawingu dirishani. Ilikuwa chini kidogo ya kilele, imekingwa na miti, kuta zake za matofali, na jiko lake liko katika kibanda cha pembeni. Blanketi zilikuwa nyingi, nzito. Waliichukua hiyo. Mume alinung'unika kwa ajili ya mawingu, lakini kwa mguu wa dakika ishirini aliyapata kila asubuhi bure.

Baada ya moto ulizeni maji. Msitosheke na jibu la kwamba yako. Ulizeni yatoka wapi. Milima ile imelimwa sana, na kijito kipitacho chini ya mashamba ya kabichi na nyanya huchukua udongo, mbolea na dawa za wadudu. Chemchemi iliyo juu ya mashamba ni afadhali, hata hivyo maji ya kunywa yachemshwe. Huko Lushoto maji huchemka yafikapo kadiri ya nyuzi 95, si 100 kama pwani. Yakitokota vema kwa dakika moja yatosha kuua vijidudu, na juu ya meta 2,000 yaachwe dakika tatu. Lakini maharagwe ni hadithi nyingine: yatachukua muda mrefu kuliko mlivyozoea, basi yalowekwe tangu usiku uliotangulia, la sivyo mama atamaliza likizo yake jikoni, na hapo mmesafiri kwa nini? Mboga na matunda hazina taabu, kwani karoti, viazi, mapichisi na matunda mengine ya nchi za baridi huuzwa huko kwa wingi.

Tazameni pia kama pana mashimo ya panya, na kama vyakula vyaweza kuwekwa ndani ya vyombo vyenye vifuniko. Sisemi haya kwa ajili ya usafi peke yake. Tangu mwaka 1980 ugonjwa wa tauni ulizuka mara nyingi katika baadhi ya vijiji vya Lushoto, ukaendelea zaidi ya miaka ishirini, nao huletwa na viroboto wa panya. Siku hizi habari hizo zimetulia, wala sitaki mtu aogope kwenda. Ila nyumba iliyokaa tupu miezi mingi na ifunguliwe, ifagiliwe na kuanikwa vitanda vyake kabla ya kulaliwa.

Faragha ina kipimo. Nyumba iliyo mbali na majirani kwa mwendo wa dakika kumi ina kimya cha kutosha. Iliyo mbali kwa saa mbili ni ya watu wenye afya na wasio na watoto wadogo. Fikirini: mtoto akishikwa na homa saa nane ya usiku, mtambeba kwa njia gani? Gari lafika mlangoni au laishia bondeni? Simu yashika? Hospitali ya wilaya iko Lushoto mjini, na upande wa Bumbuli iko hospitali ya Walutheri. Pimeni umbali kwa saa, wala si kwa kilometa, maana kilometa za milimani ni ndefu. Kama mwachukua bibi au babu, ulizeni habari za ngazi na choo, kwa kuwa vyoo vya nje gizani penye umande vimewavunja wazee viuno.

Tena hakuna mlima usio na wenyewe. Kijia kipitacho nyuma ya nyumba yenu ndicho njia ya akina mama Wasambaa kwenda mashambani, nao watawasalimu, itikieni. Kama mwataka kuingia msitu wa Magamba kuwaona mbega, kuna kibali na ada ya kulipa kwa watu wa misitu, na mwongozaji ni wa lazima kwa watu wasioijua njia, maana ukungu hushuka ghafula.

Katika habari ya fedha, siku hizi nyumba hupangwa kwa simu, na picha hutumwa kabla ya mtu kutoa arabuni. Picha haioneshi paa livujalo wala haisikizishi kilabu cha pombe kilicho jirani. Kama hamwezi kwenda kutazama wenyewe, mwombeni mwalimu au mzee wa kanisa aliye karibu awatazamie. Usambara kuna makanisa, na wamisionari walikaa Mlalo tangu 1891, basi hamtakosa mtu. Msitume fedha zote mbele. Tumeni sehemu, mpewe stakabadhi au hata ujumbe wenye jina, tarehe na kiasi, na salio mlipe mkiisha kuona kitanda. Mwulizeni mwenye nyumba kwa maneno wazi: kuni zimo katika bei? Umeme ni wa waya au wa jua? Mlinzi alipwa na nani? Mambo haya matatu ndiyo yaletayo ugomvi siku ya kuondoka.

Wale wasiopenda kubahatisha wana njia nyingine: Irente liko shamba la Kanisa la Kilutheri lenye nyumba za wageni, na Sakharani, upande wa Soni, wako Wabenediktini. Huko hakuna upweke kamili, lakini kuna mkate na jibini au asali, na kengele ya kuwaamsha.

Chukueni sweta mbili kwa kila mtu, soksi za kulalia, tochi, dawa za homa, na viatu visivyoteleza. Mwachieni ndugu mmoja nyumbani jina la mahali mwendapo na siku ya kurudi. Na namba ya mlinzi iandikeni kwa wino katika karatasi, kwa maana katika baridi ile betri ya simu huisha mapema.