Buku wa Morogoro na Malezi ya Watoto Wetu

Buku twamjua sote. Ni yule panya mkubwa anayekula mihogo na karanga, naye akionekana shambani hutafutiwa rungu mara moja. Lakini kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, buku hufundishwa kuokoa watu. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, huwafundisha huko kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Wengine hunusa makohozi ili kugundua kifua kikuu. Buku mmoja, jina lake Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini 71. Alikufa Januari 2022, akiwa na nishani ya dhahabu aliyopewa na shirika la Uingereza la kutibu wanyama.

Je, alifundishwa kwa fimbo? Sivyo! Kwanza buku husikilizishwa mlio mdogo, “tik,” na papo hapo hupewa ndizi au karanga. Upesi atambua: mlio ukisikika, chakula kimekuja. Kisha huwekewa harufu ya baruti ya mabomu. Akiinusa, “tik,” ndizi. Baadaye hudaiwa ashikilie pua muda mrefu zaidi. Akikosea hapati kitu, wala hapigwi. Baada ya miezi tisa hivi yu tayari kwa kazi.

Njia hiyo yatokana na elimu ya tabia, iliyochunguzwa sana na Mmarekani B. F. Skinner (1904–1990) kwa panya na njiwa. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wameitumia pia kuwasaidia watoto, hasa wale wanaochelewa kusema au kujifunza. Mtoto si panya. Yeye ni mfano wa Mungu, ana roho na akili. Hata hivyo yapo mambo ambayo kila mzazi aweza kujifunza hapa.

Tuchukue mfano. Mama amekwenda gulioni na mtoto wa miaka mitano. Mtoto aona maandazi, aomba, mama akataa. Mtoto ajitupa chini na kupiga kelele. Watu wageuka kutazama. Mama aona haya, anunua andazi. Kimya!

Wataalamu hutazama mambo matatu: kilichotangulia, tendo lenyewe, na kilichofuata. Kilichotangulia ni maandazi na neno “hapana.” Tendo ni kelele. Kilichofuata ni andazi. Gulio lijalo kelele zitarudi, kwa maana zimelipwa. Huku ndiko kuitwako kuimarisha tabia: tendo likifuatwa na kitu kinachopendwa, hurudiwa. Naye mama amefundishwa vilevile! Alipotoa andazi, aibu ilimwondoka. Kwa hiyo atatoa tena. Kumbe mtoto amekuwa mwalimu na mama mwanafunzi.

Baba asikiapo habari hizo achukua fimbo. Wataalamu huita adhabu jambo lolote linalofuata tendo na kulipunguza. Lakini fimbo haimwonyeshi mtoto afanye nini badala yake. Mara nyingi humfundisha kumkimbia baba na kusema uongo. Siku atakapopatwa na jambo zito, shuleni au njiani, atamwambia nani?

Ifanyweje, basi? Kabla ya kutoka nyumbani mlishe mtoto, umwambie wazi: “Mwanangu, leo ukiomba kwa sauti ya chini na kutembea nami vizuri, nitakununulia ndizi moja.” Akifanya hivyo, timiza ahadi papo hapo na umsifu. Akipiga kelele, usimpe, usimtukane, usimpige. Kaa karibu naye mpaka anyamaze. Huku huitwa kuzima tabia, kama moto unyimwao kuni. Ila jueni: mwanzoni kelele huweza kuongezeka kabla ya kupungua. Mzazi akichoka siku hiyo akatoa andazi, amemfundisha mtoto kulia kwa nguvu zaidi. Na kilio cha njaa, hofu au ugonjwa hakizimwi kamwe, hicho husikilizwa.

Jambo kubwa halidaiwi siku moja. Kama mfinyanzi ajengavyo chungu kidogo kidogo, ndivyo tabia ifinyangwavyo. Mtoto asiyependa kuchota maji, msifu kwanza akibeba kidumu kidogo kutoka mlangoni. Kesho kutoka njiani. Mwishowe kutoka kisimani. Zawadi za kula zipunguzwe polepole, sifa za kweli zibaki.

Tena hesabuni. Piga alama ya mkaa ukutani kila kelele zinapotokea kwa juma moja kabla ya kuanza, kisha majuma yanayofuata. Alama zikipungua, endelea. Zisipopungua, badili njia yako, usimlaumu mtoto.

Haya si mageni kwa Wakristo. Mtakatifu Yohane Bosko (1815–1888) aliwalea vijana maskini wa Turin kwa akili, dini na upendo, akiepa viboko.

Enyi wazazi wa Bisibo, jioni ya leo mkeshe kidogo na kujiuliza: leo nimemwona mtoto wangu mara ngapi akitenda vema, na nimemwambia? Wengi wetu huona makosa tu. Mtoto anayetazamwa akikosea tu atakosea ili atazamwe. Tuanze kesho asubuhi: tendo jema moja, na neno jema moja papo hapo.