Mars Pathfinder: kufuli moja la programu lililosumbua mashine ya NASA kwenye sayari ya Mars

Tarehe 4 mwezi wa saba 1997, mashine ya Marekani iitwayo Mars Pathfinder ilitua salama kwenye sayari ya Mars, ikiwa imebeba kigari kidogo, Sojourner, chenye uzito wa kilo zaidi kidogo ya 10. Siku chache baadaye, ordinatere yake ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Kila mara, kazi zilizopangwa kwa siku hiyo zilikatika, zikangoja kesho yake.

Chanzo hakikuwa baridi wala vumbi la Mars. Kilikuwa kufuli.

Ordinatere hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, ao tuseme inaonekana hivyo: inashika hii kidogo, inaiacha, inashika nyingine. Kila kazi inafuata uzi wake. Shida inaanza nyuzi mbili zinapotaka kugusa kitu kimoja. Moja ikiandika hesabu huku nyingine inaisoma, kinachosomwa kinaweza kuwa nusu cha zamani, nusu kipya. Ndiyo maana wafundi wanaweka kufuli: mwenye ufunguo anaingia, wengine wanangoja mpaka watolewe ishara kwamba pako wazi. Mholanzi Edsger Dijkstra alileta chombo hicho miaka ya 1960, akakiita semafori, jina la alama zinazosimamisha treni ili zisigongane.

Ndani ya Pathfinder, kila kazi ilikuwa na cheo. Ya cheo cha juu ilisimamia njia ambamo data zinapita kati ya vyombo. Ya cheo cha chini ilikusanya habari za hali ya hewa ya Mars. Zote mbili zilitumia kufuli moja.

Fikiri nyumba ambamo mtoto ameingia stoo na kubaki na ufunguo. Baba anauhitaji, basi anangoja. Ni dakika moja tu. Lakini kaka mkubwa, ambaye hana haja na stoo, anamwita mtoto na kumtuma mbali. Mtoto anatii, ufunguo uko mfukoni mwake. Sasa baba mwenye nyumba anakaa mlangoni kwa sababu ya kaka, na kaka hajui hata kama baba anangoja.

Ndivyo ilivyokuwa. Kazi ya hali ya hewa ilishika kufuli, kazi za cheo cha kati zikaisukuma pembeni, na ile ya juu ikakwama. Kazi nyingine iliyowekwa kama mlinzi ikaona saa imepita, ikadhani kuna hatari kubwa, ikaanzisha ordinatere upya. Kila kipande kilifanya sawasawa kile kilichoagizwa, na hapo ndipo ugumu wa kosa la namna hii: ukikagua kimoja kimoja, hupati mwenye hatia.

Tena halikuwa jambo geni kabisa. Wafundi walikuwa wameliona wakati wa majaribio duniani, lakini kila walipojaribu kulirudisha ili walichunguze, halikurudi. Nguvu nyingi zilikuwa zimewekwa kwenye kutua, na ni vigumu kuwalaumu: bila kutua salama, hakuna kingine.

Safari hii, wakitumia mashine inayofanana na ile ya Mars, walifaulu kulitokeza tena na kulifuata hatua kwa hatua. Dawa ilikuwa tayari ndani ya programu, ila haikuwa imewashwa: mtoto mwenye ufunguo anapewa cheo cha baba kwa muda ule baba anapongoja, hivyo kaka hawezi kumtuma. Ilitosha kubadilisha alama moja, kutoka “hapana” hadi “ndiyo”. Badiliko hilo likatumwa kwa redio, safari ya zaidi ya dakika 10 kufika kule.

Kujizima kukaisha. Pathfinder, iliyotazamiwa kufanya kazi siku 30, iliendelea hadi tarehe 27 mwezi wa tisa, ikiwa imetuma picha zaidi ya 16 000.