Amana ya Picha katika Nchi ya Chai

Mchana unapoelekea alasiri katika vilima vya Kericho na Bomet, mawingu yaliyobeba unyevu wa Ziwa Viktoria hukutana na upepo wa nyanda za juu, radi zikanguruma, na mara nyingi mvua ya mawe ikayaangukia majani machanga ya chai kwa ukali ambao kila mkulima wa Litein na Mogogosiek anaujua. Nchi hii hutajwa miongoni mwa zile zipatazo mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na katika miaka ya 1960 maroketi yalirushwa mawinguni juu ya mashamba ya Kericho, kwa tamaa ya kuyavunja mawe yale kabla hayajashuka. Nimeanza na radi kwa kuwa hazina ninayotaka kuizungumzia, yaani picha za nyumba zetu, ina adui apitaye katika waya wa umeme: kompyuta iliyoachwa imechomekwa ukutani wakati wa tufani, na diski ya nje ikining'inia ubavuni mwake, yaweza kuangamia pamoja na diski ile kwa pigo moja.

Wazee wetu waliweka picha katika albamu, na albamu katika sanduku la bati, na picha ile ilififia polepole, ikimpa mwenyewe wasaa wa miaka kuinusuru. Picha ya leo, iwe ya koito (sherehe ya posa), ya harusi au ya mazishi ya babu, haina subira hiyo. Leo ni safi kama siku ilipopigwa, kesho diski haisomeki, na hakuna dalili iliyotangulia.

Sababu yake hufahamika mtu akijua kilichomo ndani ya kile kikasha. Diski ya kawaida ina sahani za duara zilizopakwa utando wa sumaku, nazo huzunguka aghalabu mara 5,400 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele; ikianguka kutoka mezani ingali inazunguka, kichwa hukwaruza sahani na kilichoandikwa pale hakirudi. Diski za kwanza za namna hii, zilizotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956, zilikuwa na sahani 50 na uzito wa karibu tani moja, walakini zilibeba herufi milioni 5 tu, ambazo hazitoshi picha moja kubwa ya simu ya sasa. Diski ya terabaiti moja, inayoingia mfukoni, hubeba picha kama 200,000 za megabaiti 5 kila moja. Wingi huo ndio neema yake na ndio hatari yake, maana maisha ya ukoo mzima hutiwa katika chombo kimoja. Zile diski mpya zisizo na sahani hustahimili kuanguka, lakini zikikaa miaka bila kutiwa umeme zaweza kusahau zilichobeba, kwa hiyo nazo si za kufungiwa kabatini na kuachwa.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni ambayo naiona kuwa ya busara kuliko zote katika kadhia hii: nakala ziwe tatu, vyombo viwe vya aina mbili, na nakala moja ikae mahali pengine. Hilo la mwisho ndilo tunalolipuuza. Kompyuta na diski zilizo katika nyumba moja ya Kapkatet, mbele ya moto au mwizi, huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Basi nakala ya tatu na ikae kwa dada aliyeolewa Sotik, au kwa mwana afanyaye kazi Nakuru, na ibadilishwe kila familia ikutanapo Desemba. Bonasi ya chai ikitoka, afadhali diski mbili za kadiri kuliko moja kubwa. Wala mtu asidanganyike na programu inayosawazisha diski mbili zilingane daima, kwani ukifuta picha kwa kukosea katika moja, nayo huifuta katika ya pili kwa utiifu uleule. Na virusi vilivyotoka na flashi ya mjini vyaweza kupita njia hiyohiyo. Nakala ya kweli hukaa imechomolewa.

Kuhusu mpangilio sina mengi. Folda ianze kwa mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2024-12-28 Harusi Litein, nazo zitajipanga zenyewe. Picha ichukuliwe kutoka kamera au simu iliyoipiga, maana iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa. Jambo ninalolisisitiza ni majina: ndani ya kila folda iandikwe faili fupi itajayo ni nani amesimama kushoto, ni mke wa nani, na shamba lile nyuma yao ni la nani. Yasiyoandikwa na wenyewe huandikwa na wengine: ukoo wa Talai wa Wakipsigis uliondolewa Kericho na serikali ya kikoloni ya Uingereza kwa sheria ya mwaka 1934 ukapelekwa Gwassi, karibu na ziwa, na wajukuu wao walipofikisha madai yao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2022, sehemu kubwa ya maandishi ya tukio lile ilikuwa imeandikwa na kalamu za dola iliyowahamisha. Sisi tunayo kamera na tunayo kalamu. Picha isiyo na majina, baada ya vizazi viwili, ni sura za wageni.

Basi, ndugu msomaji, Jumamosi hii asubuhi, kabla mawingu hayajakusanyika, itoe ile diski uliyoiweka mwaka juzi, uichomeke, na ufungue picha kumi za zamani kabisa. Zikifunguka, zinakili katika diski ya pili, kisha andika tarehe ya leo kwa kalamu juu ya kikasha chake. Zikikataa kufunguka, ichomoe mara moja, usiandike chochote juu yake, na umpelekee fundi.