Filamu ya Mwaka Minago: Utani wa Marafiki na Somo la Kiswahili

Utangulizi

Kila mara wanafunzi wetu wanaporudi kutoka kwenye mazoezi ya kufundisha, huja na lalamiko lile lile: watoto wa shule za mwambao wanaelewa Kiswahili, lakini darasani hawasemi. Mwalimu huuliza, nao huinamisha vichwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika hivyo katika ripoti zangu za ukaguzi. Makala haya yanalenga kueleza kwa nini sikuwa sahihi, na nilikojifunza hivyo si maktabani bali Minago, nje ya kibanda cha video.

Minago ipo kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge. Upande mmoja ni Ziwa Tanganyika, upande mwingine ni vilima na michikichi. Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa. Siku za mbalamwezi taa hazina nguvu ya kuvuta samaki, hivyo mitumbwi hupumzika na vijana huwa na nafasi. Ndipo kibanda hujaa. Filamu inapokwisha, watu hawaondoki. Hukaa hapo nje na kuanza kubishana: filamu bora ya mwaka ni ipi?

Jioni hiyo nilikuwa nasubiri gari. Nilisikia vijana, baadhi yao wakiwa bado na sare za shule, wakijenga hoja, wakizibomoa, wakitoa mifano na kufikia hitimisho, na yote kwa Kiswahili. Nikajiuliza: je, hawa ndio wale ambao "hawasemi"?

Utani ni nini?

Katika Afrika ya Mashariki neno utani lina historia ndefu. Wasomi waliliandikia mapema, R. E. Moreau alichapisha makala yake kuhusu utani wa Tanganyika mwaka 1944. Utani huo ulikuwa uhusiano maalumu baina ya makabila au koo, kwa mfano Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani aliruhusiwa kukusema maneno ambayo yangetoka kwa mtu mwingine yangeleta ugomvi. Aliweza kukutania hata msibani, na hukuwa na haki ya kukasirika. Lakini mtani huyo huyo alikuwa na wajibu wa kukusaidia, na kesho yake ulikuwa na haki ya kumrudishia.

Marafiki wa kijiweni si watani kwa maana hiyo ya kale, lakini wamerithi kanuni yake. Tuitazame sarufi kidogo. Kitenzi tania tunapokiweka katika kauli ya kutendana tunapata taniana, kama vile bisha inavyotoa bishana. Kiambishi -an- kinatuambia kuwa tendo linakwenda na kurudi. Huu ndio moyo wa utani: anayetaniwa ana zamu yake. Kumcheka mtu ni jambo jingine, kwani anayecheka hangoji jibu.

Filamu ipi, na mwaka upi?

Mgeni anaweza kudhani kwamba swali la filamu ya mwaka ni jepesi. Huko Hollywood lina jibu rasmi: tuzo ya Oscar ya filamu bora iliyotolewa Machi 2024 ilikwenda kwa Oppenheimer, filamu ya mwaka 2023. Zanzibar nako tamasha la ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997, lina majaji wake na tuzo ya Jahazi la Dhahabu. Bujumbura ilipata tamasha lake, FESTICAB, mwaka 2009, kwa juhudi za Léonce Ngabo, mwongozaji wa filamu ya Gito l'ingrat ya mwaka 1992.

Kibandani hakuna majaji, na mwaka wenyewe unabishaniwa. Kwa mmoja, filamu ya mwaka ni iliyotengenezwa mwaka huu. Kwa mwingine ni iliyofika kibandani mwaka huu, hata kama ni Commando ya mwaka 1985. Wa tatu hushikilia filamu za Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, akisema kwamba tangu hapo miaka imesimama. Hata mwenye filamu anabishaniwa. Kuna filamu za kigeni zinazosimuliwa kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, kazi iliyompa jina Lufufu kule Tanzania na DJ Afro kule Kenya. Je, filamu hiyo ni ya mwigizaji au ya msimuliaji? Wapo wanaosema kuwa bila msimuliaji pale pana milio ya bunduki tu.

Mwalimu wa fasihi ataona kwamba haya ni maswali yetu wenyewe. Kazi ya sanaa ni ya nani? Tafsiri ni kazi mpya au ni kivuli? Ubora unapimwa kwa kigezo gani? Vijana hawa hawajui istilahi za uhakiki, lakini uhakiki wanaufanya.

Mfano wa mazungumzo

Mazungumzo yafuatayo nimeyatunga mwenyewe kwa kufuata namna vijana wanavyosema, ili tuweze kuyachambua.

A: Filamu ya mwaka ni moja tu. Ile ya yule Mhindi aliyepiga watu arobaini na shati halikuchomoka.

B: Eti filamu ya mwaka! Mbona hukuiona mpaka mwisho? Ulilala steringi akiwa bado anavaa viatu.

A: Nililala kwa kuwa nilijua steringi hafi. Wewe uliyekesha ulipata nini?

B: Nilipata haki ya kupiga kura.

C: Kura au kula? Maana karanga zote umezimaliza wewe.

Zana za lugha

Tuanze na neno eti. Kwa neno hili moja msemaji B ameichukua kauli ya mwenzake, akairudia na kuitia shaka. Hakusema kwamba A ni mwongo; ameiacha kauli yenyewe ijiaibishe. Kamusi itatuambia kuwa eti hutumika kuonyesha kutosadiki jambo, lakini ni ubishi unaomwonyesha mwanafunzi nguvu yake.

Pili ni mbona. Mara nyingi tunafundisha kwamba mbona ni sawa na kwa nini. Si kweli. Kwa nini inatafuta sababu, ilhali mbona inaonyesha kwamba jambo limekwenda kinyume na ilivyotarajiwa na inamtaka mtu ajieleze. Ukisema "Kwa nini hukuiona mpaka mwisho?" unauliza. Ukisema "Mbona hukuiona mpaka mwisho?" umeshamshtaki.

Tatu ni mubalagha, yaani kutia chumvi. Watu arobaini na shati lisilochomoka si habari, na hakuna anayeliamini hilo. Kutia chumvi ni kama kengele inayosema kwamba sasa tunataniana. Anayeijibu kwa takwimu hakuisikia kengele.

Nne ni kudaka neno la mwenzako na kumrudishia. B amemshtaki A kwa kulala. A amekubali kwamba alilala, kisha akageuza usingizi kuwa ushahidi wa ujuzi wake: steringi, yaani mhusika mkuu wa upande wa wema, hafi kamwe. Mtu hawezi kujibu hivyo bila kusikiliza kwa makini. Hivyo basi utani ni zoezi la kusikiliza kabla ya kuwa zoezi la kusema.

Tano ni ulinganishi. Kiswahili hakina kiambishi cha kulinganisha sifa. Tunatumia kuliko, kushinda, kupita na zaidi ya. Katika ubishi wa filamu miundo hii hutumika yote katika muda mfupi: hii ni kali kuliko ile, ile inaishinda hii kwa mapigano, hakuna inayoipita kwa machozi. Aidha, kivumishi kali hapa hakina maana ya ukali bali cha sifa kubwa, pamoja na wenzake hatari, noma na moto.

Mwisho tumtazame msemaji C. Kirundi hakitofautishi r na l kama Kiswahili kinavyozitofautisha, hivyo wasemaji wengi wa kwetu huchanganya kura na kula. C ameuchukua udhaifu huo wa wote na kuufanya mchezo. B atacheka, kwani C mwenyewe huenda kesho akateleza pale pale, na zamu ya B itafika.

Mipaka ya utani

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Miaka mingi iliyopita mwanafunzi mmoja alisimama darasani kwangu kutoa hoja, akasema kura akimaanisha kula. Nilimkatiza kwa neno la kuchekesha. Darasa zima likacheka, nami nikafurahi kwamba somo limechangamka. Kijana yule hakusema tena mpaka muhula ulipokwisha. Nilidhani nimemtania. Lakini angenijibuje? Mimi nilikuwa na chaki na alama za mtihani, yeye hakuwa na zamu. Neno lilikuwa ni lile lile la msemaji C, ila -an- haikuwepo.

Katika mwambao wetu jambo hili lina uzito zaidi, kwani wanaokutana pale kibandani wamekuja na Kiswahili chao kwa njia mbalimbali. Wapo waliokikuta mjini Rumonge, ambako Kiswahili kilifika zamani pamoja na biashara ya ziwani. Wapo ambao wazazi wao walikimbia mwaka 1972 na kuishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo nchini Tanzania, nao wakasomea huko kwa Kiswahili. Wengi walirejea katika miaka ya 2000 na baada yake. Wapo pia wenye ndugu ng'ambo ya ziwa, Uvira na Fizi. Mmoja atasema "ile muvi ni noma", mwingine "ile filime iko muzuri sana", wa tatu "ile sinema ni nzuri mno". Wote wameelewana na ubishi unaendelea.

Lakini siku mtu atakapoacha kuitania filamu na kuanza kutania asili ya mwenzake, kwamba Kiswahili chake ni cha mkimbizi au si cha hapa, hapo kicheko hukatika. Katika eneo ambalo aliyerudi na aliyebaki wamefikishana mbele ya mabaraza kwa ajili ya mashamba, neno kama hilo halitui kama mzaha. Vijana wanaijua mipaka hii. Mara nyingi nimesikia mmoja wao akisema turudi kwenye filamu. Kauli hiyo fupi ni kazi kubwa ya kijamii: inamlinda mtu bila kumkaripia mwingine.

Utani darasani

Tufanyeje basi? Napendekeza zoezi la kipindi kimoja ambalo wanafunzi wetu wanaweza kulijaribu.

Kwanza, mwalimu achague swali lisilo na jibu rasmi: filamu bora uliyoiona mwaka huu ni ipi? Madarasa ya juu yanaweza kubishana kuhusu Vuta N'kuvute: riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, au filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021? Waliosoma na waliotazama wataniane.

Pili, darasa likubaliane kanuni tatu: tunatania filamu na uchaguzi wa mtu, hatutanii kwao wala mwili wake wala matamshi yake, kila anayetaniwa apewe nafasi ya kujibu, na yeyote anaweza kusema turudi kwenye filamu.

Tatu, wanafunzi wagawane katika vikundi vya watu watano au sita: mtetezi, mpinzani, mchochezi na wasikilizaji watakaoamua. Mwalimu akae nyuma na daftari. Asikatize. Lafudhi, muzuri, filime na kura zote azisikie na kuziandika bila kutaja jina la mtu.

Nne, baada ya ubishi, vikundi viandike aya moja kwa Kiswahili sanifu: filamu yetu ni hii, kwa sababu hizi. Hapa ndipo mahali pa kusahihisha. Mwalimu aandike ubaoni jozi za maneno kama kura na kula, nzuri na muzuri, na aeleze lipi linatumika wapi. Usanifu haujatupwa, umepewa saa yake.

Tano, mwalimu naye ataje filamu yake na akubali kutaniwa. Hili ni gumu kwetu. Nilipolijaribu mara ya kwanza nilitaja filamu ya zamani, na wanafunzi wakaniuliza kama wakati huo picha zilikuwa zimeanza kutembea. Nilicheka. Siku hiyo walisema wanafunzi ambao sauti zao sikuwa nazijua.

Hitimisho

Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, tumekuwa na siku nzuri ya hotuba na mashairi. Hotuba ni jambo jema. Hata hivyo, lugha haikui kwa kusifiwa tu, bali hukua kwa watu kuitumia kutafuta ushindi mdogo mbele ya marafiki wao.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu mtarajiwa, utakapopangiwa shule ya mwambao na ukakuta darasa limenyamaza, usiandike haraka kwamba hawasemi. Subiri mbalamwezi, ukae karibu na kibanda, usikilize. Kisha rudi darasani na ujiulize ni nini ulichokiweka pale kinachowafunga midomo.

Kuhusu filamu ya mwaka, gari langu lilifika kabla ya wale vijana wa Minago kukubaliana. Wasomaji watakaojaribu zoezi hili wanakaribishwa kutuletea matokeo yake idarani.