Yangambi: Filtre ya mafuta ikikwama, usikimbilie turnevisi

Huko Yangambi, kilomita 100 hivi kutoka Kisangani, mwenye gari anayebadilisha mafuta ya motere mwenyewe nyumbani anaweza kukuta filtre imekataa kufunguka. Akiiharibu bila kuwa na nyingine mkononi, gari litalala hapo mpaka ipatikane mpya, pengine kutoka Kisangani.

Mara nyingi kosa lilianza siku filtre ilipofungwa. Aliyeifunga aliikaza kwa ufunguo, ao aliacha kauchu yake ikavu. Joto la motere likaipika ile kauchu, ikashikamana na chuma.

Kwa hiyo, jaribu filtre kwanza, kabla ya kumwaga mafuta. Ikikataa kabisa, mafuta yangali ndani na gari linaweza kwenda mpaka garaji. Washa motere dakika chache ipate joto kidogo, kisha uizime. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa kriki peke yake.

Pangusa filtre mpaka ikauke, kwa sababu mafuta yanateleza mkononi. Ifunge kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki, kisha zungusha kinyume na mwendo wa saa, ukiitazama kutoka upande wake wa chini. Ikibaki ngumu, tumia ufunguo wa mnyororo ao wa mkanda, karibu na mahali inaposhikana na motere, kwani hapo bati haliminyiki upesi.

Kuitoboa kwa turnevisi ni njia ya mwisho. Bati linaweza kupasuka huku filtre ikibaki palepale, na motere haiwezi kuwashwa tena.

Ikitoka, hakikisha kauchu ya zamani haikubaki kwenye motere. Kauchu mbili zikikutana, mafuta yatavuja, na motere inaweza kufa njiani. Paka kauchu mpya mafuta kwa kidole. Ikigusa chuma, ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono tu, ao fuata maandishi ya filtre yenyewe. Washa motere, uchungulie chini kama inavuja.

Mafuta ya zamani yasimwagwe uani wala mtoni. Yangambi iko kando ya mto Kongo, na watu wanavua samaki humo. Yatie katika bidoni yenye kifuniko, uyapeleke garaji inayoyapokea.