Sumaku Kali Kuliko Zote Zilizowahi Kumpokea Mtu

Sumaku kali kuliko zote zilizowahi kupiga picha ubongo wa mtu aliye hai iko Saclay, karibu na Paris, Ufaransa. Mashine hiyo ya MRI inaitwa Iseult. Ina nguvu ya tesla 11.7, ilhali nyingi za hospitalini zina 1.5 au 3. Uzito wa sumaku ni tani 132, na nyaya zake hupozwa kwa heliamu hadi nyuzi 271 chini ya sifuri.

Ninaloliheshimu zaidi ya tani zote hizo ni subira ya wenye mashine. Mwaka 2021 walianza kwa kupiga picha boga. Binadamu walifuata baadaye, wapatao 20, wenye afya njema. Walipimwa mwenendo wa mwili, uwezo wa kusimama bila kuyumba, akili, hata chembe za urithi, wakalinganishwa na kundi ambalo halikuwekwa kwenye nguvu hiyo. Madhara hayakuonekana. Picha zao, zilizotangazwa Aprili 2024, zilipatikana kwa dakika nne tu, na zinaonyesha vitu vya milimita 0.2.

Rekodi ya awali, tesla 10.5, ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani.

Kinachosumbua watu zaidi kwenye sumaku hizi ni kizunguzungu. Wengine huhisi ladha ya chuma mdomoni. Mwaka 2011 watafiti wa Johns Hopkins walieleza sababu: sumaku husukuma chembe za umeme zilizo katika majimaji ya sikio la ndani, na ubongo hudhani kichwa kinazunguka. Hali hiyo hupita.

Kilichoua ni chuma. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka sita aliuawa na mtungi wa oksijeni uliovutwa na sumaku ya hospitali, si ya rekodi yoyote. Kwa hiyo mhudumu anayekuuliza mara ya pili kuhusu vyuma mwilini au mfukoni, mjibu kwa makini.

Kazi ngumu kwa watafiti sasa ni kudhibiti joto. Tesla zikipanda, masafa ya mawimbi ya redio yanayotumika hupanda nazo: kwenye 1.5 ni kama megahezi 64, kwenye 11.7 yanakaribia 500. Mawimbi hayo hayasambai sawasawa kichwani, na sehemu moja huweza kupata moto kuliko nyingine. Huko Nijmegen, Uholanzi, wanakotayarisha mashine ya tesla 14, masafa hayo yatakaribia megahezi 600.